Ukuta wa Giza

Picha yangu nzuri kuliko zote niliipiga Mombasa, saa nane za usiku, na sasa haipo. Niliifuta mwenyewe. Marafiki zangu wanaopiga picha bado wananiambia nilikosea, na kuna siku nakaribia kuwaamini. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa basi, likizo ya siku nne, kamera begani na stendi yake ya miguu mitatu imefungwa pembeni mwa begi. Mombasa ya mchana imeshapigwa picha na kila mtu: Ngome ya Yesu, milango ya kuchongwa ya Mji wa Kale, ngalawa baharini. Mimi niliutaka usiku. Mgeni anayetembea usiku katika mji asioujua hujiona kama amekaribishwa jikoni. Maduka yamefungwa, hakuna anayekuita ununue kitu, mji umevua viatu.

Lakini usiku una masharti yake. Mwanga ni haba, kwa hiyo kamera huachwa wazi kwa muda mrefu ili iukusanye kidogo kidogo. Usiku wa kwanza niliisimamisha mbele ya Mapembe ya Ndovu, Barabara ya Moi, nikaiacha wazi sekunde 20. Mapembe yalitoka safi. Tuktuk zote zilizopita ziligeuka mistari myekundu. Na watu? Walikuwapo, niliwaona kwa macho yangu wakivuka, wengine wakicheka. Kwenye picha hapakuwa na hata mmoja.

Jambo hili lina umri sawa na fani yenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Ilikuwa mchana, lakini mtambo wake ulihitaji dakika kadhaa kuunasa mwanga, na kila aliyekuwa akitembea alifutika. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki akionekana vizuri: alikuwa amesimama ang'arishiwe viatu. Aliyeinama kuving'arisha, ambaye mikono yake haikutulia, unamwona kwa shida.

Kwa hiyo kamera ya usiku huchagua yenyewe. Mwenye pa kwenda hupotea. Hubaki mlinzi kwenye kiti chake, paka juu ya ukuta, na mtu aliyelala nje.

Usiku wa pili nilimkuta mtu wa namna hiyo karibu na Marikiti. Alikuwa amelala juu ya mkokoteni wake, mkono mmoja umepita chini ya kichwa, kandambili zimepangwa vizuri chini, kama mtu anavyoziacha mlangoni. Taa ya barabarani ilimwangukia upande mmoja wa uso. Nilifungua stendi, nikashusha pumzi, nikaiacha kamera wazi sekunde nane. Uso ulitoka wazi kabisa, hata ukope ungeweza kuuhesabu. Kifua peke yake kilikuwa na ukungu, maana kilikuwa kikipanda na kushuka. Nilikuwa nimepiga picha ya pumzi. Sijawahi kupata picha kama ile, kabla wala baada.

Hatua chache kutoka pale mzee mmoja muuza kahawa alikuwa akikusanya vikombe vyake. Nilikuwa nimeshamwamkia nilipofika. Akaniita.

"Mwanangu, yule umemwambia?"

"Amelala, ami. Sikutaka kumwamsha."

"Najua yuwalala. Mtu akilala hawezi kujisitiri. Husitiriwa na wenziwe."

Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikaondoka. Kabla sijalala nilikuwa nimeiweka picha mtandaoni. Asubuhi watu zaidi ya 600 walikuwa wameipenda. Mmoja aliniandikia akitaka kujua bei yake.

Jioni nilirudi Marikiti. Nadhani nilitaka kumshukuru, na pengine nilitaka na yeye anisifu. Nilimkuta akikaza kamba za mzigo. Alikuwa kijana wa rika langu, jambo ambalo usiku sikuliona, au sikulitazama. Nikamwambia, "Kaka, jana nilikupiga picha," nikampa simu. Aliitazama muda mrefu.

"Imeonwa na wangapi?"

Nikamtajia. Naona haya kusema kwamba niliitaja ile idadi kwa fahari.

Akanirudishia simu. "Mamangu anajua nimepanga chumba Kisauni," akasema. Hakukasirika. Alirudi kwenye kamba zake, akaivuta moja mpaka mkokoteni ukalia.

Niliifuta picha nikiwa nimesimama palepale, kisha nikaifuta na kwenye kamera. Nikamwambia nimeifuta. Akasema, "Haya."

Marafiki zangu wana hoja mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza: alikuwa barabarani, na cha barabarani huonwa na kila mtu. Mimi nilikuwa mpita njia kama wengine, ila nilikuwa na kamera. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na miongoni mwa inayoyataja ni nyumba ya mtu kutopekuliwa. Tunaielewa haraka haki hiyo tukiona mlango. Hakuna rafiki yangu hata mmoja ambaye angechungulia dirishani kwa mtu saa nane za usiku akampiga picha kitandani. Angejua huo ni wizi, hata kama asingejua wa kitu gani. Lakini mtu asiye na mlango naye hulala. Ile saa ambayo sisi tunafunga komeo, yeye hungoja maduka yafungwe, watu wapungue, giza liingie. Giza ndilo ukuta wake. Kiswahili kina neno stara, na stara si kuta peke yake: ni nguo, ni usiku, ni jirani anayegeuza uso. Kamera yangu, iliyokusanya mwanga kwa sekunde nane, iliubomoa ukuta ule matofali yote. Mpita njia angemwona mtu amelala. Watu 600 walimwona yeye.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi mjini New York, mzaliwa wa Denmark, alikuwa akiingia usiku katika vyumba vya kupanga vya mafukara, akiwasha unga wa kutoa mwanga mkali na kuwapiga picha watu waliokuwa wamelala wamebanana. Hakuwa akibisha hodi kila mara. Mwaka 1890 alichapisha kitabu, na wenye nafasi katika mji ule wakaona jinsi wenzao wanavyoishi. Theodore Roosevelt alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi alitembea na Riis usiku, na mwaka 1896 malazi machafu ya maskini yaliyokuwa ndani ya vituo vya polisi yalifungwa. Marafiki zangu huuliza: je, Riis angegeuza uso, nani angejua? Ukimsitiri maskini mpaka mwisho, si unausitiri na umaskini wake?

Sina jibu la kuifunga hoja hii. Nakubali kwamba ziko picha ambazo dunia inazidaiwa hata kama aliyepigwa hakuulizwa. Ila naweza kuulizwa swali dogo, la mtu mmoja: yangu ilikuwa ya nini? Riis alikwenda na madai mkononi, na baada ya picha aliandika, akasumbua wakubwa. Mimi nilivutiwa na mwanga kwenye shavu. Chini ya picha sikuandika neno lolote kuhusu kodi za vyumba, wala malipo ya siku ya msukuma mkokoteni, kwa sababu sikuyajua na sikuuliza. Niliandika jina la mji na idadi ya sekunde. Anayebomoa ukuta wa mtu ili kumtoa kwenye moto huenda akasamehewa. Mimi niliubomoa nipate matofali.

Tangu hapo nina kanuni moja. Aliye macho namwomba, akikataa, napita. Aliyelala simpigi. Kanuni hii imeninyima picha nyingi. Wenzangu husema picha ya mtu aliyeombwa si ya kweli, kwa sababu hujiweka sawa, hunyoosha kola, hutengeneza uso. Ni kweli hutengeneza. Lakini ule uso anaoutengeneza ni wake pia. Ndio anaoupeleka kwa mama yake. Usingizini hatuna uwezo wa kuchagua uso wa kuwaonyesha watu, na ndiyo maana hatulali mbele ya kila mtu, ila pale tunapokuwa hatuna budi.

Kufuta nako hakukumaliza jambo. Ilikaa mtandaoni karibu siku nzima, na mwenye kuihifadhi ameihifadhi. Labda hivi sasa iko kwenye simu ya mtu nisiyemjua, anayeipenda kwa sababu zilezile nilizoipendea mimi.

Usiku wa mwisho nilipita Marikiti bila kamera. Mkokoteni ulikuwa palepale, kandambili zimepangwa chini. Mombasa ilikuwa na joto lile la kunata shati mgongoni, hakuna hata upepo wa kutikisa karatasi. Alikuwa amejifunika shuka mpaka juu ya kichwa.