Shekeli Kumi na Saba

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma, Kwaresima yetu hutukuta na jembe mkononi. Majivu yako kwenye paji la uso, shamba limelimwa, mvua inangojewa, na mfuko ni mtupu. Karo ya Januari imekomba akiba, sasa mbegu na mbolea zinadai zamu yake. Kule Nzoia mkulima wa miwa amezoea kungoja malipo hadi mtoto anaacha shule. Na Webuye, kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009, watu walijua kufunga bila kutangaziwa na padri.

Hapo ndipo wanapofika wale wa vipaza sauti. "Panda mbegu!" wanapaaza, na mbegu wanayoitaka si mahindi. Tuma elfu moja, Mungu atakurudishia mara mia! Mama, shika hiyo pesa, nenda ukanunue mbolea. Ahadi ya Mungu haiuzwi kwa simu. Ingekuwa inauzwa, wajane wangeikosa, nao ndio alioapa kuwatetea.

Njooni tusimame Yerusalemu. Jeshi la Babeli limeuzingira mji. Ndani njaa, nje upanga. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa kosa la kusema kwamba mji utaanguka. Anakuja Hanameli, mwana wa ami yake: ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi! Nje ya kuta, mikononi mwa adui! Broka gani wa Kitale angeligusa shamba hilo? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia muhuri, akamwagiza Baruku, karani wake, aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Bwana alikuwa amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Msiishie hapo, maana wahubiri wengi huishia hapo. Akiisha kulipa, Yeremia anamgeukia Mungu: Bwana, huoni adui walivyoukaribia mji, nawe unaniambia ninunue shamba? Amelipa kwanza, ameuliza baadaye. Wala Mungu hakumfukuza kwa swali lake. Tena Maandiko hayasemi popote kwamba alilima hata tuta moja pale. Alichukuliwa Misri, na waliorudi kutoka Babeli ndio walioiona ahadi. Hilo ni chungu, sitalitia sukari. Aliyekwambia kwamba kila ahadi hukomaa kabla ya Pasaka amekudanganya.

Nanyi mambo ya shamba na hati mnayajua. Jumatano ya Majivu ya 2008 iliangukia 6 Februari, na uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa na watu waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi. Viongozi wakatia saini mapatano Nairobi tarehe 28. Mwezi wa Machi jeshi likapanda Mlima Elgon, na familia za Cheptais na Kopsiro, zilizokwisha kuteswa na wanamgambo, zikawa na hofu ya pande mbili. Pasaka ikafika 23 Machi, wengine wakaifanya hemani. Nani angethubutu kuwaambia wale, amini tu, mambo yatakuwa sawa? Lakini watu walirudi wakapanda, wengine huku wanatetemeka. Mungu hakuwangoja waache kutetemeka ndipo awe pamoja nao.

Basi Kwaresima hii, toa shekeli zako 17! Tenda jambo moja ambalo ni upumbavu mtupu kama Mungu ni mwongo. Mbukusu, mwendee Msabaoti mliyekosana kwa mpaka. Msabaoti, usimngoje Mbukusu aanze. Mzee, ligawe shamba mbele ya mashahidi, na binti zako wapate hati yao, ukiwa hai na mwenye akili timamu. Kijana wa Chwele uliyeapa kwamba kilimo ni laana, omba robo ekari kwa baba yako.

Nawe mwenye ekari 50, unayekaa benchi la mbele na majivu yako: vibarua waliokuvunia Novemba bado wanakudai. Mungu amewaahidi mkate wa kila siku, na mkate huo umeulalia wewe. Walipe leo, kabla jua halijatua. Ijumaa uje, tutembee pamoja Njia ya Msalaba.