Tushukie Stesheni Gani?



Kuna swali limetukalisha wiki tatu kwenye grupu letu la vijana hapa London, na ukilitazama kwa nje ni swali la kitoto kabisa: tukienda Disneyland Paris mwezi wa nane, tupitie stesheni gani? Kaka mmoja alichoka akaandika, "Jamani, sasa hata treni tuisalie novena?" Tukacheka. Ila swali lake limebaki kichwani mwangu, kwa sababu ndani yake kuna swali kubwa zaidi. Je, kuna mambo madogo kiasi kwamba dhamiri haina kazi nayo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae. Anakubali kwamba vipo vitendo ambavyo, vikitazamwa vyenyewe tu, si vyema wala si vibaya. Mifano anayotoa ni midogo kweli: kuokota unyasi chini, kwenda shambani. Lakini anaendelea kusema kwamba kitendo kikishatendwa na mtu halisi, kwa kukusudia, hakibaki katikati tena. Mimi naelewa hivi: hakuna "kwenda shambani" kunakoelea hewani. Anayekwenda ni mtu fulani, siku fulani, anatafuta kitu fulani, na kuna watu amefuatana nao au amewaacha nyumbani. Kwa hiyo kupanda treni si dhambi wala si fadhila, lakini sisi kumi na wawili kupanda treni ile badala ya hii, hapo kuna la kuulizwa.

Niwaeleze njia zenyewe kwanza.

Disneyland Paris iko mashariki mwa jiji, na ilifunguliwa Aprili 1992. Mwezi huohuo ilifunguliwa stesheni ya Marne-la-Vallée–Chessy, mwisho wa reli ya RER A, na miaka miwili baadaye treni za kasi za TGV nazo zikaanza kusimama pale. Ukitoka nje ya stesheni, lango la bustani liko dakika chache tu kwa miguu. Zamani ulikuwa unapanda treni London na kushukia hapohapo Chessy bila kubadilisha, lakini huduma hiyo ilikoma Juni 2023. Sasa lazima ubadilishe, na ndipo ubishi ulipoanzia.

Njia ya kwanza: London hadi Lille Europe, karibu saa moja na nusu, halafu TGV ya kama saa moja hadi Chessy. (Angalieni, Lille ina stesheni mbili, Europe na Flandres, na kutoka moja hadi nyingine unatembea.) Njia ya pili: London hadi Paris Gare du Nord, moja ya stesheni zenye watu wengi kuliko zote Ulaya, kisha unashuka chini ya ardhi, unapanda RER B hadi Châtelet–Les Halles, unahamia RER A, unaenda nayo mpaka mwisho. Hii ya pili kwa kawaida ni nafuu zaidi, maana tangu Januari 2025 tiketi moja ya RER ina bei moja mkoa mzima wa Paris, na ilianza kwa yuro 2.50. TGV ya kutoka Lille bei yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Halafu kuna suala la pa kulala. Hoteli za bei poa ziko zaidi upande wa Val d'Europe, stesheni moja kabla ya Chessy.

Kama tungekuwa mabegi, hesabu ingeishia hapo. Lakini grupu letu lina dada mwenye selimundu. Ugonjwa umeshamla mfupa wa nyonga, anatembelea fimbo, na akichoka sana au akikosa maji au akipigwa na baridi, maumivu yanaweza kumlaza. (Ameniruhusu niandike, mradi nisiandike kwa huruma.) Tuna kaka anayefanya usafi maofisini usiku na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, kwake tofauti ya bei kati ya njia hizi mbili ni chakula cha wiki. Na tuna watatu wenye pasipoti za Tanzania na Kenya, ambao kibali cha kuishi Uingereza hakiwafungulii Ufaransa. Wanahitaji viza ya Schengen, na bado wanasubiri. Wenye pasipoti za Uingereza wanasema tununue tiketi sasa hivi zikiwa rahisi. Rahisi kwa nani? Tiketi ya bei ya chini ambayo hairudishwi pesa ni nzuri kwa mtu ambaye ana uhakika wa kusafiri.

Nikarudi kwenye Mwanzo 33. Yakobo amekutana na Esau baada ya miaka mingi, Esau ana watu mia nne, na anasema twende pamoja. Yakobo anamjibu kwamba watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha. Wakisukumwa kwa haraka hata siku moja tu, kundi litakufa. Wewe tangulia, mimi nitakuja polepole kwa mwendo wa mifugo hii na mwendo wa watoto. Napenda sana jibu hilo. Mwendo wa msafara unapimwa kwa yule anayechoka wa kwanza. Niliwatumia kwenye grupu, wengi wakaweka alama ya moyo, nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe ukiendelea kusoma mistari inayofuata unakuta kitu ambacho mahubiri mengi hayakigusi. Yakobo hakumfuata Esau. Alimwambia atamkuta Seiri, halafu yeye akakata kona kwenda Sukothi, akajenga nyumba huko. Huenda watoto walikuwa wamechoka kweli. Lakini pia ni wazi kwamba hakutaka kusafiri na kaka yake, na watoto wakawa sababu nzuri ya kusema.

Hapo ndo nikaanza kusikiliza upya yale tuliyokuwa tukiandika. Wale waliosema "tupitie Lille kwa ajili ya dada yetu" baadhi yao ni watu ambao hawataki kuburuta mabegi Châtelet saa ya watu kutoka kazini. Wale waliosema "tupitie Paris kwa ajili ya kaka yetu, hana hela" baadhi yao wanataka kupita Paris wapige picha. Dhaifu wetu wawili walikuwa wamegeuzwa hoja, kila upande umeshika wake. Na wao wenyewe walikuwa wamenyamaza. Nadhani hilo ni kosa baya kuliko kumsahau mtu mnyonge, kwa sababu aliyesahauliwa anaweza kujitokeza akasema nipo. Aliyegeuzwa hoja akisema kitu, anaonekana anaharibu wema wa watu.

Halafu kuna lile jibu tunalolijua wote: "Mimi niko sawa tu, msijali." Dada alishaliandika mara mbili. Je, likishasemwa, tumeachiwa huru? Kuna watakaosema ndiyo, ni mtu mzima, amekubali, heshimuni neno lake. Hoja hiyo ina nguvu. Kumlazimisha mtu asaidiwe ni dharau ya aina yake. Lakini mtu anayejua kwamba watu kumi na mmoja wanamsubiri ajibu hasemi daima lililo moyoni, hasa kwetu sisi tuliolelewa kwamba mgeni mwema halalamiki. "Niko sawa" yake inaweza kuwa zawadi anayotupa, na zawadi nyingine ukizipokea haraka unamwonea mtoaji.

Dada mmoja mkubwa kati yetu ndiye aliyepata njia. Hakumuuliza "utaweza?" maana hilo lina jibu moja tu. Alimpigia simu akamwambia, "Hebu tuseme unapanga wewe, ungetupitisha wapi?" Majibu yalikuwa tofauti kabisa na tuliyodhani. Alisema angepitia Lille, ila shida yake kubwa haikuwa ngazi. Shida yake ilikuwa muda wa kubadilisha treni. Sisi tulikuwa tunatafuta treni zinazofuatana kwa karibu ili tuwahi bustani. Yeye alitaka nafasi ya saa moja na nusu pale Lille, anywe maji, aende msalani, apande bila mtu kumwambia fanya haraka. Hakuna mtu kati yetu aliyekuwa amelitaja hilo. Na alisema kitu kingine: asipelekwe na mtu mmoja kwa njia yake "ya starehe" wakati wengine wanapita Paris wakiimba. Kama ni kugawana, basi nusu kwa nusu.

Kaka yetu naye alipoulizwa hivyohivyo alisema hataki kuchangiwa, akichangiwa haji. Lakini akapiga hesabu nzuri kuliko zetu: tuache hoteli za karibu na lango, tulale Val d'Europe, kinachookolewa kwenye vitanda kilipe TGV ya wote. Kwa hiyo hakuna wa kuchangia wala wa kuchangiwa. Dada anasema kituo kimoja cha RER asubuhi hakimsumbui, mradi tuhakikishe lifti zinafanya kazi. Wenye viza zinazosubiriwa wameomba tununue tiketi zinazobadilishika, hata kama ni ghali kidogo. Hapo bado tunabishana.

Thoma anafundisha kwamba busara ina kazi tatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru kitu kifanyike. Ya tatu ndiyo kuu. Grupu letu tunaipenda mno ile ya kwanza. Wiki tatu za shauri na hakuna tiketi hata moja!

Kabla sijasahau: mtu aliniuliza kama vijana Wakatoliki tunapaswa kutumia hela kwa mambo kama haya wakati watu wana njaa. Swali halali. Thoma huyohuyo anasimulia kisa cha Mtume Yohane, ambaye watu walishtuka kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine, akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde utavunjika. Kaka yetu wa usiku hajapumzika tangu mwaka juzi. Sina ujasiri wa kumwambia asiende kucheza. Na safari inaanzia St Pancras, stesheni yenye jina la Mtakatifu Pankrasi, ambaye mapokeo yanasema aliuawa Roma kwa ajili ya imani akiwa na miaka 14. Vijana tunapita pale kila siku tukitazama simu.

Jumapili ya safari tunatarajia kusali Misa Bussy-Saint-Georges, stesheni mbili kabla ya Chessy, kwenye kanisa la Notre-Dame-du-Val. Hilo lilipita bila ubishi, nashangaa.

Ubishi mmoja umebaki na sina jibu lake. Wadogo zetu watatu wa sekondari wamekusanya hela zao mwaka mzima. Tukisubiri saa moja na nusu Lille, siku ya kwanza wanaingia bustanini mchana, na tiketi ya siku ni ileile. Mmoja wao ameandika kwa adabu, "Kwani na sisi si wadogo?" Nimemwambia aje na ratiba yake Jumapili baada ya Misa, na dada mwenye fimbo atakuwepo, wakae meza moja na simu zao waitazame pamoja.