Pumzi ya Mtoto na Fardhi Kifaya

Wajibu uliogawanywa kwa watu wengi una hatari ambayo wajibu wa mtu mmoja hauna: kila mmoja anaweza kutimiza fungu lake na kazi yenyewe isifanyike. Mtoto mwenye pumu huishi katika hatari hiyo. Daktari humwandikia dawa, lakini hamwoni akikimbia uwanjani. Mwalimu humwona akikimbia, ila hajui kwamba usiku kucha alikuwa akikohoa. Mama anajua habari za usiku, lakini hakuwepo kifua kilipombana mwanawe darasani. Mtoto huyo akifariki, na wote watatu walifanya lao, dhima ni ya nani?

Fiqhi ya Kiislamu imelitafakari swali la namna hii kwa karne nyingi kupitia fardhi kifaya. Tunaifahamu zaidi msibani: baadhi yetu wakimwosha maiti, wakamkafini, wakamswalia na kumzika, waliobaki wameondokewa na lawama; asipotokea mtu, dhambi ni ya wote waliojua na kuweza. Wengi wetu tumeishika nusu ya kwanza ya kanuni hii, ile inayotupumzisha. Lakini wanazuoni wa usuli waliuliza pia mtu atajuaje kwamba amepumzishwa, na wakashurutisha angalau dhana yenye nguvu kwamba wenzake wametimiza. Msibani dhana hiyo haina taabu, kwani jeneza linapita mbele ya macho ya kila mtu. Kwa mgonjwa wa pumu hakuna kinachopita mbele ya macho. Mwalimu hudhani mzazi ameshaelekezwa na daktari. Daktari hudhani pampu ya dawa imo mkobani. Mzazi hudhani shule itajua la kufanya. Dhana zisizo na msingi hazimwondolei mtu wajibu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupashana habari ni sehemu ya faradhi yenyewe, wala si hisani inayoongezwa juu yake.

Kisa cha Ella Adoo-Kissi-Debrah wa London, mtoto mwenye pumu, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Aliishi Lewisham, karibu na barabara ya South Circular yenye msongamano wa magari, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9, baada ya kulazwa hospitali mara nyingi. Desemba 2020, Philip Barlow, aliyesimamia uchunguzi wa pili wa kifo hicho, alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua. Akasema pia kwamba mama hakuelezwa hatari ya hewa hiyo, na kama angeelezwa angechukua hatua ambazo huenda zingemwokoa mtoto. Mama alikuwa tayari kufanya lolote. Alichokosa ni habari. Ukosefu huo haukuwa wa familia moja: mapitio ya vifo 195 vya pumu nchini Uingereza, vya watu wa rika zote, yaliyotolewa mwaka 2014, yalikuta kwamba ni asilimia 23 tu ya marehemu waliokuwa wamepewa mpango wa maandishi wa kukabili ugonjwa wao.

Atasema mtu: mwalimu ana darasa la watoto sabini na hakusomea uuguzi. Ni kweli, na kifaya haimtwishi mtu asichokiweza. Kinachotakiwa kwake ni kusoma karatasi moja iliyoandikwa na daktari na kuletwa na mzazi: dawa ipi, lini, dalili zipi za hatari, apigiwe nani. Tangu Oktoba 2014 sheria ya Uingereza inaziruhusu shule kununua na kuweka pampu ya salbutamol kwa ajili ya dharura bila cheti cha daktari, na walimu wake hawakugeuka wauguzi.

Mwingine atasema ajali imeandikwa. Sayyidna Umar, aliporudi njiani asiingie Sham wakati wa tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye alijua kwamba kurudi kwake nako ni kadari. Imani hiyo haikumzuia kuwalinda watu wake.

Hoja iliyo nzito zaidi, kwangu, ni ya umaskini: karatasi haina faida ikiwa zahanati haina dawa. Salbutamol na budesonidi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini mzazi anaweza kuandikiwa na asizipate. Hapo hoja yangu haianguki, inawafikia wengine. Waliojua na kuweza sasa ni pamoja na anayeagiza dawa za wilaya na anayepitisha bajeti yake, na kusubiri kwao kunahesabiwa kama kusubiri kwa mwalimu anayemwona mtoto akihema.