WALIKUITA MWIZI KABLA HUJAIBA?

Kijana wa Tandale, nisikilize! Januari 2015 jiji lilikimbia kwa hofu ya Panya Road, na mwaka 2022 hofu ikarudi. Wengi wakasema, watoto hawa wamelaaniwa. Mimi nauliza: nani aliwalea? Mtoto wa Masaki anaamka, basi la shule linamngoja getini. Mwenzake hapa Kwa Tumbo, maji ya mvua yamelala naye chumbani. Shule kaenda bila chai, daftari hana. Ada ya msingi ilifutwa mwaka 2001, sawa, lakini njaa haikufutwa! Akichoka, kijiwe kinampokea.

Soma Waamuzi 11. Yeftha alifukuzwa na ndugu wa baba mmoja, wakamnyima urithi eti mama yake kahaba. Akakimbilia Tobu, wahuni wakamkusanyikia. Kundi lilimpenda kuliko nyumbani! Lakini Roho wa Bwana akamjia huyo huyo.

Walikunyima mengi, ni kweli. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Ila panga ni mkono wako ulioshika, siyo umaskini. Litupe leo! Mahubiri yakiisha njoo nyuma ya jukwaa, hatukuitii polisi. Tutaomba pamoja.