Cheo Kirefu na Hisabu Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kusema na ndugu zetu juu ya jambo linenwalo barazani kwa kunong'ona: mtu aliyedumu katika utawala apimwe kwa nini?

Tutazame mfano wa marehemu Mohamed Yusuf Haji wa Garissa, Mungu amrehemu. Aliingia katika kazi ya serikali akali kijana, akapanda hata akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Mwaka 2002 alichaguliwa Mbunge wa Ijara. Mwaka 2008 akawa Waziri wa Ulinzi. Mwaka 2013 akawa Seneta wa Garissa, na mauti yalimkuta katika cheo hicho mwezi wa Februari, 2021.

Watu wetu waliona fahari, wala hatuwalaumu. Mkoa wetu uliwekwa chini ya sheria za hatari tangu 1963 hata 1991. Kumwona mtoto wake akisimamia jeshi halikuwa jambo dogo.

Lakini cheo kina uzito wake. Oktoba 2011 jeshi liliingia Somalia, naye ndiye Waziri. Sisi wa Diff tuko mpakani. Jamaa zetu wako pande zote mbili. Kisha Novemba 2012, askari watatu waliuawa mjini Garissa, na soko likateketea. Raia waliwatuhumu wanajeshi, jeshi likakana. Ndipo watu wakauliza: "Mtoto wetu yuko wapi?"

Swali hilo twaliona lina kasoro. Je, lau soko lililoungua lingekuwa la Kisumu, tungaliuliza? Waziri ameaminiwa watu wote, na wale askari watatu nao walikuwa na mama zao. Ukoo hautupi sisi haki iliyo zaidi ya haki ya wengine.

Hata hivyo, ukoo humzidishia mwenye cheo wajibu. Asiyeielewa lugha ya anayelia huenda akawa na udhuru, aielewaye hana. Kunyamaza barazani kwaweza kuwa hekima ikiwa kwatafuta njia ya kuondoa dhuluma. Kukiwa ni kwa kulinda kiti tu, basi amana imevunjwa. Yaliyo moyoni mwa marehemu yako kwa Mola wake, wala hatumhukumu.

Tujihukumu sisi. Miezi minne baada ya soko kuungua, wenzetu wa Garissa walimchagua Seneta, na mwaka 2017 wakamrudisha. Ikiwa walipima matendo yake wakaridhika, wametimiza wajibu wao. Ikiwa walihesabu ukoo tu, basi kilio cha sokoni kilikuwa cha nini? Nasi wa Wajir hatuko mbali nao katika maradhi haya. Mwenye kuiweka amana mkononi mwa mtu naye ana sehemu katika hisabu yake.

Basi, ndugu zetu, ajapo mtu kutaka kura, tusimwulize ni mtoto wa nani. Tumwulize atasema nini siku ambayo kusema kutamgharimu kiti. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoe sote. Amin.