Deni la Taifa kwa Mpiga Kutyapi

Kuenzi kunadai zaidi ya kukumbuka, kwa kuwa anayekumbuka humwacha marehemu katika wakati uliopita, ilhali anayeenzi hukitunza kitu cha thamani ili kiendelee kutumika. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa Samaon Sulaiman, mwanamuziki wa jamii ya Maguindanao kutoka Mamasapano, katika kisiwa cha Mindanao nchini Ufilipino, aliyefariki mwaka 2011. Mwaka 1993 yeye, Ginaw Bilog na Masino Intaray walikuwa wa kwanza kupewa Gawad sa Manlilikha ng Bayan, tuzo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya mafundi wa sanaa za jadi.

Jina la tuzo lenyewe lina fumbo. Manlilikha ni muumbaji, lakini bayan hubeba maana za mji, watu na nchi kwa pamoja, hata msikilizaji asiweze kujua mara moja kama muumbaji huyo ni wa kwao tu au ni wa taifa zima. Usultani wa Maguindanao ulibaki nje ya mamlaka ya Wahispania kwa sehemu kubwa ya utawala wao visiwani, na muziki wake ulikuwapo kabla ya dola ya Ufilipino kuundwa. Kwa hiyo, anayesema kwamba Sulaiman alichangia utamaduni wa taifa asisahau kuwa taifa ndilo lililomfuata, likaomba fungu katika urithi ambao halikuulea.

Urithi huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kutyapi, ala aliyoipiga Sulaiman, ni chombo kirefu chembamba chenye umbo la mtumbwi, cha ukoo mmoja na gambusi, na kina nyuzi mbili: mmoja hushikilia sauti isiyobadilika, na mwingine hubeba lahani juu ya vibao vidogo vilivyogandishwa kwa nta, ambavyo mpigaji huvisogeza anapohama kutoka dinaladay kwenda binalig, yaani kutoka mpangilio mmoja wa ngazi za sauti hadi mwingine. Kipimo cha kuvisogeza kimo sikioni mwa fundi. Jumba la makumbusho laweza kuhifadhi mti, nyuzi na hata nta iliyokauka, lakini sikio hilo huzikwa pamoja na mwenyewe, isipokuwa kama amekwisha kulifundisha sikio la mwingine.

Ndiyo maana sharti la tuzo kwamba fundi arithishe ujuzi wake lina heshima kubwa kuliko nishani na posho. Hata hivyo, taifa likimtaka mwanafunzi apige vilevile alivyopiga mwalimu, bila kuthubutu kuisogeza nta kwa hukumu yake mwenyewe, litakuwa limemnyima uhuru uleule uliomfanya Sulaiman astahili kuitwa muumbaji.