Je, Ugonjwa Hutazama Rangi ya Mtu?

Ziko habari ambazo mtu akizisikia hudhani amezielewa, lakini akizitafakari huona ya kuwa ndani yake limo swali la haki. Mojawapo ni habari ya saratani ya matiti kwa wanawake weusi wa Marekani. Mwaka 2024 American Cancer Society, chama kikubwa cha kupigana na ugonjwa huo, kilieleza kwamba kiasi cha wanawake weusi wanaopatwa na saratani hiyo ni pungufu ya kile cha weupe kwa 5 katika mia. Lakini kiasi cha wanaokufa kwayo kinawazidi weupe kwa 38 katika mia. Wanaougua ni wachache zaidi, wanaokufa ni wengi zaidi. Sababu ni nini? Tena, sababu ikijulikana, yatupasa nini?

Jibu la kwanza la watu wengi ni hili: "Ni damu yao." Tusilitupe jibu hilo kabla ya kulipima, kwa maana limo neno la kweli ndani yake. Saratani ya matiti si ugonjwa wa namna moja. Mara nyingi chembe zake zina vipokezi, ambavyo ni mfano wa tundu la kufuli: homoni za mwanamke huingia humo kama ufunguo, na chembe hukua. Dawa iitwayo tamoxifen huziba tundu lile. Saratani nyingine zina protini iitwayo HER2 kwa wingi, nazo zina dawa zake. Lakini iko namna isiyo na kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala wingi wa HER2. Madaktari huiita "hasi tatu". Hiyo hukua upesi, huwashika hata wanawake vijana, na dawa za kuziba homoni haziifai kitu. Wanawake weusi wa Marekani hupatwa nayo kama mara mbili kuliko weupe.

Lakini tazameni jambo lingine. Madaktari walipolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia, waliona namna hii ni nyingi sana kwa wale wa Ghana, bali kwa wale wa Ethiopia ni chache, karibu sawa na kwa wanawake weupe wa Marekani. Nao mababu wa watu weusi wa Marekani wengi walichukuliwa utumwani kutoka pande za magharibi za Afrika. Basi neno "weusi" ni kapu kubwa mno. Huwekwa ndani yake watu ambao miili yao haifanani. Tena mwili wenyewe hupokea alama za maisha. Imeonekana kwamba kunyonyesha watoto humkinga mama kwa sehemu na namna hii ya ukali, na wanawake weusi wa Marekani waliozaa pasipo kunyonyesha wana hatari zaidi. Mama anayelazimika kurudi kazini upesi, akamwacha mtoto mchanga nyumbani, je, hiyo nayo ni damu?

Sasa tuje kwenye ushahidi ulio mzito zaidi. Hata karibu na mwaka 1980, wanawake weusi na weupe wa Marekani walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiasi karibu sawa. Baada ya hapo ndipo njia zilipoachana. Katika mji wa Chicago, viwango vilivyokuwa sawa mwaka 1980 vilitengana hata, kufikia mwaka 2003, kile cha wanawake weusi kikazidi kile cha weupe kwa zaidi ya nusu yake. Ni nini kilichotokea katika miaka ile? Damu ya taifa haigeuki kwa muda mfupi kama huo. Kilichotokea ni kwamba msaada ulifika: picha za eksirei za kugundua saratani mapema zilienea, na tamoxifen ikaenea. Msaada huo uliwafikia wengine upesi, na wengine kwa kuchelewa, au haukuwafikia kabisa. Hata katika saratani zenye vipokezi, ambazo dawa zake zinajulikana, wanawake weusi wa nchi ile hufa zaidi. Hapo hatuwezi kuisingizia damu.

Mtu mwingine atasema, "Basi tuache kabisa kunena habari za tofauti ya miili, kwa kuwa watu wote ni sawa." Neno hilo lasikika jema, lakini nalo laweza kuua. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha ya kuwa hata wagonjwa walipopewa matibabu yale yale ndani ya majaribio ya dawa, wanawake weusi wenye saratani ya matiti hawakuishi sawa na wenzao. Kamati ya Marekani inayotoa mashauri ya uchunguzi iliwahi kushauri wanawake wote waanze kupigwa picha wakiwa na miaka 50. Mwaka 2024 ndipo iliposhusha hata miaka 40. Shauri moja kwa wote halikuwa na haki kwa yule ambaye ugonjwa humjia mapema. Tena katika jaribio la dawa ya pembrolizumab, iliyokubaliwa mwaka 2021 kwa saratani ya hasi tatu ambayo haijaenea, wanawake weusi walikuwa wachache sana, ingawa ndio wanaopatwa zaidi.

Basi tusimame wapi? Mama mwenye watoto wawili, mmoja akiwa na kifua dhaifu, baridi ikija hasemi, "Kifua chako ni shauri lako." Wala hasemi, "Ninyi nyote ni wanangu, kila mmoja atapata blanketi sawasawa." Humpa yule dhaifu blanketi lililo zito. Hivyo ndivyo haki ilivyo. Tofauti ya mwili, ikiwapo, si udhuru wa kumwacha mtu. Ni kipimo cha deni tunalowiwa naye. Anayesema "ni damu" ili anyamaze, na anayesema "hakuna tofauti" ili asisumbuke, wote wawili wamemwacha mgonjwa mlangoni.

Neno hili latuhusu sisi pia. Katika hospitali nyingi za Afrika vipokezi havipimwi. Lakini pale vilipopimwa, zaidi ya nusu ya saratani za matiti za wanawake wa Afrika zilikuwa na kipokezi cha estrojeni. Maana yake, vidonge vya tamoxifen vyaweza kuwafaa. Tukisikia habari za Marekani, kisha tukafundisha kwamba saratani ya Mwafrika haina dawa, au kwamba Mungu ndiye aliyeamua hivyo, tutakuwa tumewaua dada zetu kwa ulimi.

Kwa hiyo, ninyi mnaofundisha, mwanamke akiwaambia kwa haya kwamba ameona uvimbe kifuani, msimpe maneno ya kumtuliza tu. Mhimizeni aende hospitali juma lile lile, pasipo kungoja maumivu, na amwulize daktari saratani yake, kama ndiyo, ni ya namna gani. Na akikosa nauli, hiyo ni kazi yetu sisi tulio wazima.